Mtunga Marijani

Wanawake walimletea marijani zao ndani ya mifuko ya plastiki, ndani ya makopo ya biskuti, ndani ya vitambaa vilivyofungwa mafundo. Walipanda lifti hadi ghorofa ya kumi na moja ya jengo letu kule Scarborough, Kanada, wakavua viatu vyenye theluji mlangoni, na kabla hawajakaa sawasawa alikuwa ameshanyoosha mkono. "Hebu nione." Alichagua punje moja, akaigusisha kwenye mdomo wa chini, akatulia. Marijani ya kweli ni baridi hata katika chumba chenye hita. Plastiki haina ubaridi kabisa, na ubaridi wa kioo huisha upesi. Akimaliza kupima alisema alichokiona, na mwenye mali alilazimika kukipokea kama kilivyo.

Nilikuwepo siku alipomwambia mama mmoja wa Kiismailia, mke wa daktari, mzaliwa wa Dar es Salaam, kwamba kidani alichorithi kwa mama mkwe wake kilikuwa mfupa uliotiwa rangi. Yule mama alikataa. Alisema mama mkwe wake hakuwa mtu wa kuvaa vitu bandia. Akajibiwa kwamba basi mama mkwe alidanganywa, au alimdanganya mkwewe, achague mwenyewe lipi litamfaa, na kazi ya kutunga itafanywa vilevile. Na kweli ilifanywa. Mfupa ule ulitungwa kwa uzi wa hariri, fundo baada ya kila punje, kama kitu cha malkia.

Sote tulimwita Bi Fundi. Mimi nilihamia mlango wa pili kutoka kwake mwaka 2004, nikitokea Tanga, pamoja na binti yangu Nuru aliyekuwa na miaka kumi na mmoja. Nilikuwa nimepata kazi katika makao ya wazee, kazi ya kuosha watu, kuwalisha na kuwageuza vitandani, kwa hiyo wazee niliwazoea. Lakini wazee wangu wa kazini walikuwa wamechoshwa na mambo ya dunia. Huyu hakuwa amechoshwa na jambo lolote. Alikuwa mfupi, mwembamba, anakaribia sabini, mwenye miwani mbili, moja ya kusomea na moja ya kutungia. Alivaa kanga juu ya sweta, na soksi za sufu jozi mbili.

Jambo la kwanza nililojifunza kwake ni kwamba alikuwa hasahau. Dereva mmoja wa basi aliwahi kumfungia mlango usoni siku ya baridi kali, akiwa amebakiza hatua tatu. Tangu siku hiyo hakupanda basi la mtu yule. Alimjua kwa ndevu. Basi likija na zile ndevu nyuma ya usukani, Bi Fundi alirudi nyuma hatua moja, akamkazia macho mpaka mlango ufungwe tena, kisha akangoja basi linalofuata, dakika ishirini, theluji ikimwangukia mabegani. Nami niliganda pale pamoja naye, maana ningefanyaje. Siku moja nilimwambia kwamba yule dereva hata hajui kama anaadhibiwa.

"Mimi najua," akasema.

Muuza samaki wa plaza yetu alimuuzia mara moja changu aliyeoza. Mtu yule alikuja mwenyewe kuomba radhi, akaleta changu mwingine, mkubwa zaidi. Bi Fundi alimpokea yule samaki, akampika, akala, akasema ni mtamu, na kwa miaka minne iliyofuata akawa anapanda mabasi mawili kwenda kununua samaki kwingine. Duka lile lilipofungwa alinituma nikahakikishe kama kibao kimeondolewa kweli. Nilirudi nikamwambia kimeondolewa. Akasema alhamdulillahi, kwa sauti ya mtu aliyeletewa habari kwamba mgonjwa wake amepona.

Na mtu huyohuyo ndiye aliyenipa koti lake la pekee la maana katika msimu wangu wa kwanza wa baridi, akabaki na la mvua. Nuru alipoumwa homa siku nne nami sikuweza kuacha kazi, Bi Fundi alikaa naye mchana kutwa, akimnywesha uji kwa kijiko na kumpangusa. Nilipomshukuru alionekana hajui nazungumzia nini. Wema wake aliusahau mara moja, na wema aliofanyiwa vilevile. Kichwani mwake hakukuwa na nafasi ya mambo hayo.

Nuru, kama watoto wengi waliokulia kule, alielewa Kiswahili chote na kujibu kwa Kiingereza. Bi Fundi hakuwa na Kiingereza cha kutosha kununulia kitunguu. Hata hivyo wawili hao walizungumza jioni nzima, kila mtu na lugha yake, wakitazama mieleka kwenye televisheni. Bi Fundi alimpenda mpiganaji aliyepigwa akatolewa ulingoni kwa hila, akarudi baada ya wiki kadhaa kumtafuta aliyemfanyia. Akirudi huyo, Bi Fundi aliweka sindano chini. Ndiyo mara pekee niliyomwona akiweka sindano chini kabla kazi haijakwisha.

Alikuwa na mambo mawili ambayo kwa muda mrefu sikuyaelewa. Moja ni kwamba hakula mkate mbele ya watu. Ungemwandalia chai na mkate akanywa chai tu. Nilidhani ni tumbo. La pili ni dua yake. Alisali sala tano kwa wakati, na baada ya kila sala aliinua mikono akakaa hivyo mpaka mimi niliyekuwa nikimngoja nikachoka. Nilidhani anamwombea mwanawe, aliyekuwa akiishi Calgary na kupiga simu kila Ijumaa. Siku moja nikamuuliza anaomba nini muda wote huo.

"Naomba umri," akasema.

"Umri wa kufanya nini, Bi Fundi?"

"Umri wa kutosha."

Kisa chake alinipa vipande vipande katika msimu mmoja wa baridi, huku akitunga, bila kunitazama. Alikulia Unguja, na alipokuwa msichana alishona na kutunga vito katika nyumba kubwa ya watu waliokuwa na udugu na ufalme. Mwenye nyumba aliitwa Bibi Mkubwa. Huyo alikuwa na kidani cha marijani ya fedhaluka, ile nyekundu kama damu inayotoka bahari za mbali, punje hamsini na tatu, na kifungo cha dhahabu chenye umbo la mwezi mwandamo. Kilitoka jumba la mfalme. Mmoja wa mabinti wa Sultani alimvisha nyanya yake Bibi Mkubwa siku ya harusi, na tangu hapo hakikuvaliwa ila na wanawake wa nyumba ile. Kila mwaka kabla ya Idi kilikatwa uzi kikatungwa upya. Mwaka aliokuwa na umri wa miaka ishirini na mmoja, kazi hiyo alipewa yeye.

Alikitunga, akakikabidhi mkononi mwa Bibi Mkubwa. Wiki moja baadaye hakikuonekana.

Wanawake sita waliofanya kazi katika nyumba ile walikalishwa kwenye mkeka. Akaitwa mtu wa kusoma. Kila mmoja akapewa kipande cha mkate mkavu uliosomewa, ameze bila maji. Mwenye hatia, walisema, mkate utamkaa kooni. Bi Fundi alikuwa na mafua siku ile. Alikohoa.

Polisi hawakuitwa, kwani hapakuwa na haja. Alitolewa kwa mlango wa uani, na kabla jua halijatua mtaa mzima ulikuwa na habari. Harusi yake ilikuwa imebakiza wiki tatu. Mama wa mchumba alikuja mwenyewe kuvunja posa, akakataa hata kukaa. Mwaka ule na mwaka uliofuata wanawake wakamtungia nyimbo, wakaziimba kwenye harusi za watu, nyimbo za mwizi mwenye shingo tupu, mama yake akiwepo, anasikia. Mama akaacha kwenda harusini. Kisha akaacha kutoka nje. Kisha akafa.

Bi Fundi alivuka kwenda Mombasa, ambako hakuna aliyemjua. Aliolewa huko na mgane mmoja mtu mzima, akazaa mtoto mmoja, na mtoto huyo ndiye aliyemleta Kanada. Baadaye Unguja kulikuja mapinduzi, na wenye nyumba kubwa wakatawanyika pande zote za dunia. Nilifikiri habari hiyo ilimpoza kidogo, nikamwambia hivyo.

"Waliowatoa hawakuwatoa kwa ajili yangu," akasema, akaendelea kutunga.

Jumamosi moja ya mwezi wa nne, mwaka 2009, nilikuwa kwake nikinywa chai ya asubuhi alipoingia mama mmoja ambaye hatukuwahi kumwona. Alikaribia miaka sitini, koti zuri, manukato mazuri, na Kiswahili cha Unguja cha zamani ambacho siku hizi hakisikiki sana. Alitoa shikamoo kwa adabu, akaketi, akaweka mezani sanduku dogo la mahameli. Alieleza kwamba ana kidani cha familia kilichokatika uzi. Anataka kukivaa harusini kwa mpwa wake mwezi wa sita, na baada ya hapo kitaenda kwenye nyumba moja ya mnada mjini. Watu wa mnada wanataka ushahidi wa mahali kilikotoka, na karatasi zote za familia zilibaki Unguja. Alikuwa amesikia kwamba Bi Fundi ni mwenyeji wa huko na anajua vito vya kale. Je, hangeweza kumwandikia barua kuthibitisha?

Bi Fundi alifungua sanduku. Hakuchukua punje kuipima. Alichukua uzi, akaufuata kwa vidole mpaka karibu na kifungo, akabadilisha miwani, akautazama. Kisha akalaza kiganja chake juu ya meza, kikatulia hapo kama kilichogandishwa.

"Uzi huu ni wa miaka mingi," alisema.

"Haujabadilishwa tangu Unguja. Mama hakutaka tena mtu akiguse. Kiliwahi kuibwa, unajua."

"Kiliibwa na nani?"

"Msichana mmoja wa kushona. Walilishwa mkate, akakohoa. Mimi nilikuwa na miaka saba, naukumbuka mpaka leo mkate ule."

"Kikapatikana wapi?"

Yule mama akacheka kidogo. "Kwenye kasha la mama mwenyewe. Kilikuwa kimeteleza nyuma ya bitana. Mimi ndiye niliyekiona, nikicheza."

"Basi hakikuibwa."

"Mama alisema yule msichana alikirudisha kwa siri, kwa kuogopa kiapo cha mkate."

"Na wewe ulisemaje?"

"Mimi nilikuwa mtoto, Bi Fundi."

Nilikuwa nimeshika kikombe, na nilishindwa kukiweka chini wala kukinywea. Bi Fundi alifunga sanduku taratibu. Akauliza kama wanawake wengi watahudhuria hiyo harusi. Akaambiwa Waunguja wote wa Toronto, na wengine watatoka Ottawa na London. Akasema vizuri. Atakitunga, na barua ataiandika, kwa sharti moja: barua isomwe siku ileile ya harusi, upande wa wanawake, na asome mwenye kidani mwenyewe, ili mashahidi wawe wengi. Yule mama alifurahi mno. Aliona ni heshima.

Mlango ulipofungwa nilimuuliza kama ana hakika. Alinionyesha fundo la mwisho kando ya kifungo, lililozungushwa mara tatu. Alisema hakuna mwingine Unguja aliyekuwa akifunga hivyo. Uzi ulikuwa wake, alioutia kwa mkono wake zaidi ya miaka hamsini iliyopita.

Kidani kilikaa kwake wiki saba. Sikulala vizuri katika wiki hizo, na sababu ilikuwa siki. Alasiri moja nilirudi kutoka kazini nikamkuta amekaa mbele ya visahani viwili. Kwenye kimoja kulikuwa na siki, na ndani yake punje moja ya marijani aliyoitoa kwenye kopo lake la mabaki. Ilikuwa inatoa mapovu madogo madogo, na rangi yake imeanza kuchubuka ikawa kama jipu. Kisahani cha pili kilikuwa kitupu. Kando yake alikuwa amezipanga zile punje hamsini na tatu katika mstari mmoja.

"Tazama inavyolika," aliniambia.

Nilimsihi. Nilimwambia kuna sheria, kuna polisi, na mwanawe ataambiwa nini. Alinisikiliza kwa upole mkubwa. Akasema polisi hawamtishi, mzee wa umri wake watamfunga miaka mingapi. Akasema tangu asubuhi alikuwa anahesabu siku ngapi zingetosha, na aliona siku tatu zinatosha, kisingebaki kitu cha kuvaliwa na mtu.

"Lakini nikikigusa," alisema, "watasema walijua tangu mwanzo."

Akanyanyuka, akamwaga siki kwenye sinki, akaosha kisahani kwa sabuni. Kisha akaniomba karatasi.

Barua ile niliiandika mimi, yeye akisema. Ilituchukua alasiri nne. Kila nilipotia neno kali, dhuluma, uongo, laana, alinifutisha. Nilimwambia haya yote ni kweli. Akasema kweli ni yaliyotokea tu, niandike yaliyotokea, hayo mengine watajaza wenyewe. Tulipomaliza ilikuwa ukurasa mmoja. Akautia katika bahasha, akailamba, akaibandika.

Harusi ilifanyika katika ukumbi ulio nyuma ya duka la matairi, wanawake upande wao, zaidi ya mia mbili, asumini vichwani, udi unafuka mpaka wenye ukumbi wakaja mara mbili kuuliza kama kuna moto. Bi Fundi alivaa vizuri kuliko siku yoyote niliyomwona. Alikuja na kidani mkobani. Yule mama aliinama, naye akamvisha kwa mikono yake mwenyewe, akakifunga kifungo, akakiweka sawa kwenye mifupa ya shingo, akarudi nyuma kutazama. Kilimpendeza. Sijaona nyekundu kama ile tena. Kisha akampa bahasha na kwenda kuketi mstari wa mbele, nami kando yake.

Yule mama alishika kipaza sauti akasoma. Alisoma kwa madaha:

"Mimi nakijua kidani hiki. Kina punje hamsini na tatu, na ya ishirini na saba ina mstari mweupe. Kilitoka jumba la mfalme kikaingia nyumba ya Bibi Mkubwa. Mara ya mwisho kilipotungwa Unguja, nilikitunga mimi."

Wanawake wakapiga vigelegele. Akangoja viishe, akaendelea:

"Wiki moja baadaye kilipotea. Nikalishwa mkate, nikakohoa, nikaitwa mwizi."

Akanyamaza. Macho yake yalikwenda chini ya ukurasa, na niliona amesoma yote yaliyobaki kwa mara moja. Akainua uso akamtazama Bi Fundi. Tulisikia vyombo vikioshwa jikoni.

"Endelea, mwanangu," Bi Fundi alisema, bila kupaza sauti. "Imebaki kidogo."

Angeweza kuikunja ile karatasi. Angeweza kusema anajisikia vibaya. Mpaka leo sijui kwa nini hakufanya hivyo. Alisoma, sauti ikishuka kila mstari, kidani kikipanda na kushuka shingoni mwake:

"Kidani kilikuwa katika kasha la Bibi Mkubwa. Aliyekiona ni bintiye, naye ndiye anayewasomea barua hii. Bibi Mkubwa alijua, akanyamaza. Posa yangu ilivunjwa. Mama yangu alikufa akiitwa mama wa mwizi."

Chini kabisa lilikuwepo jina lake, alilolitia kwa mkono wake bila kunionyesha, la kwake na la baba yake na la babu yake. Nililisikia mara moja hiyo tu, na halikuwa langu la kusambaza. Wazee waliokuwa wamekaa nyuma walilijua. Nilisikia mtu akilirudia kwa kunong'ona, kisha mwingine.

Ajuza mmoja akanyanyuka huko nyuma, akaja polepole kwa mkongojo, analia. Akauchukua mkono wa Bi Fundi akaubusu, akasema walikuwa wasichana wajinga, waliimba tu, hawakujua. Bi Fundi alimwacha aubusu. Kisha akamuuliza ni ubeti upi aliokuwa akiuimba yeye.

Bi Fundi akangoja jibu kwa muda mrefu, akimtazama.

Bibi harusi alilia mpaka wanja ukamwagika juu ya gauni. Msichana wa miaka ishirini na kitu, amezaliwa Kanada, nyumba ile hajapata kuiona hata kwenye picha. Hilo lilinikera, na kwenye teksi nilishindwa kujizuia. Nilimuuliza yule bibi harusi ana kosa gani.

"Hana kosa," alisema. Alikuwa anatazama nje, maduka yakipita. "Na mimi nilikuwa bibi harusi."

Sikuzungumza naye wiki mbili. Alikuja kugonga mwenyewe, na bakuli la samaki wa nazi, akanikalia jikoni akaniambia kwamba sijui kununa. Wiki mbili si kununa, alisema, ni uvivu wa kusalimia. Nilicheka, ikawa ndiyo mwisho wa ugomvi wetu.

Barua haikupelekwa mnadani. Nilipata habari kwa yule mke wa daktari, ambaye alijua kila kinachouzwa mjini. Kidani kiliuzwa kama marijani nyekundu ya kale, asili yake haijulikani. Jumba la mfalme halikutajwa, wala binti wa Sultani, wala Bibi Mkubwa. Kiliondoka mikononi mwao kikiwa hakina kwao. Nilimpelekea Bi Fundi habari hiyo mbio, nikitarajia kumwona akifurahi. Aliitikia kwa kichwa, akaniomba nimpe mkasi.

Nilitarajia pia kwamba baada ya siku ile atalegea. Watu wengi walitarajia hivyo. Walianza kuja kumtembelea, akina mama waliomwita dada, waliomletea halua na kanga mpya, waliotaka waonekane naye. Alipokea kila kitu. Aliendelea kutunga, aliendelea na mieleka, na yule dereva mwenye ndevu aliendelea kuadhibiwa mpaka alipostaafu. Mabadiliko niliyoyaona yalikuwa mawili tu. Alianza kula mkate mbele yangu, na dua yake ikawa fupi.

Macho yake yalipokwisha, mwanawe alimtafutia nafasi katika makao ya wazee upande wa mashariki ya mji, si yale ninayofanya kazi mimi. Nilikwenda kila Alhamisi. Nuru, ambaye wakati huo alikuwa chuoni, alikwenda Jumapili, wakazungumza kama zamani, huyu Kiingereza, yule Kiswahili.

Alhamisi moja ya mwezi wa tatu, mwaka 2016, nilimkuta yule mama wa kidani amesimama kwenye korido, nje ya chumba. Sikumtambua mara moja. Alikuwa amekonda, kitambaa kimefungwa kichwa kizima, na chini yake hapakuwa na nywele. Nimefanya kazi na wagonjwa miaka mingi, sikuhitaji kuambiwa. Aliniomba niingie naye, maana peke yake anaogopa.

Bi Fundi alikuwa amekaa kwenye kiti karibu na dirisha, blanketi magotini. Nilimwambia ni nani aliyekuja. Alinyoosha mkono, yule mama akapiga magoti, na vidole vile vikampapasa uso mzima, paji la uso, mashavu, kitambaa, shingo.

"Unaumwa," alisema.

"Naumwa, Bi Fundi. Nimekuja kuomba radhi. Yangu, na ya mama."

"Wewe ulikuwa mtoto," Bi Fundi alisema. "Halafu ukawa mtu mzima, na bado ukanyamaza. Lakini barua uliisoma yote mpaka mwisho, na hakuna aliyekushika mkono. Wewe nimekusamehe, duniani na akhera."

Yule mama aliinamisha kichwa kwenye blanketi. Alipoweza kusema tena, akauliza, "Na mama?"

"Mama yako hajaja kuniomba."

"Mama alikufa, Bi Fundi. Imetimia miaka thelathini."

"Najua," akasema. Alimpapasa bega, taratibu, kama anayembembeleza mtoto. "Ukinitangulia wewe, mwambie nakuja."

Nilimsindikiza yule mama mpaka kwenye lifti. Hakuwa na hasira. Aliniomba namba yangu ya simu, akasema moyo wa mtu hubadilika, huenda Bi Fundi akalegea siku za mwisho, na ikitokea hivyo nisimfiche.

Bi Fundi alifariki siku kumi na saba baadaye, asubuhi, wakati wanamletea chai. Nilikuwepo siku ya kabla. Tulizungumza habari za Nuru, na za uji wa pale ambao aliuchukia. Tulimzika kabla ya alasiri siku iliyofuata, na jioni yule mama akanipigia. Alitoa pole kwa maneno mazuri. Kisha akauliza kama marehemu alisema lolote kuhusu mama yake.

Katika kazi yangu nimewaambia watu wengi kwamba mama zao waliwataja kwa upendo katika pumzi ya mwisho, hali hawakumtaja mtu. Nimewaambia kwamba waliondoka wakitabasamu. Sioni dhambi, na watu hulala usingizi kwa maneno kama hayo. Neno moja tu lingetosha, na hakuna mtu duniani ambaye angejua. Nilisimama jikoni na simu sikioni, nikisikia anavyopumua kwa shida upande wa pili.

"Hapana," nilimwambia. "Amekwenda akiwa bado na neno naye."